Kitukuu wa Abram

Jirani yangu hapa Loresho alisomea udaktari wa mifugo Moscow miaka ya 1960, mmoja wa vijana ambao Jaramogi Oginga Odinga aliwatafutia nafasi za masomo katika nchi za kambi ya Mashariki. Sasa amestaafu, anafuga kuku na kulalamikia bei ya chakula chao. Ukutani sebuleni kwake zimetundikwa picha mbili: ya harusi yake, na ya mwanamume mwenye sharafa nene na nywele za kujisokota, aliyevaa koti la karne nyingine. Kwa muda mrefu nilidhani ni mpiga kinanda fulani wa Ulaya. Siku nilipouliza, Mzee aliweka kikombe chini.

"Zitazame hizo nywele vizuri," alisema. "Huyo ni mtu wa kwetu."

Alikuwa Aleksandr Pushkin, aliyezaliwa Moscow mwaka 1799, mshairi ambaye Warusi hawajamweka yeyote juu yake. Babu wa mama yake alikuwa Mwafrika aitwaye Abram. Hilo Mzee hachoki kulisimulia, nami nitalifikia. Ila kuanza habari za Warusi kwa Pushkin ni kama kuanza habari za Kiswahili kwa Shaaban Robert: umeruka karne nzima nzima, na huwezi kujua mtu huyu alisimama juu ya mabega ya nani.

Ukitaka kusikia ulikoanzia mkondo wenyewe, huhitaji tikiti ya ndege. Toka Loresho Jumapili asubuhi, pita Kangemi, vuka Waiyaki Way, ushuke kwa upande wa Kawangware mpaka Riruta. Pale kuna seminari ya Waorthodoksi yenye jina la Makarios III, Askofu Mkuu wa Kupro na rais wa kwanza wa nchi hiyo, ambaye Waingereza walimhamishia Ushelisheli mwaka 1956 na ambaye alizuru Kenya mwaka 1971. Ubani unafuka, picha takatifu zinakutazama kwa macho makubwa, na ibada ni ile ile iliyoimbwa Konstantinopoli zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Ila inaimbwa kwa Kigikuyu, kisha kwa Kiswahili, halafu kinapenyezwa Kigiriki kidogo.

Waorthodoksi hawa hawakuletwa na Mzungu. Baada ya mgogoro wa tohara wa mwaka 1929, Wagikuyu wengi waliziacha misheni na kujenga shule na makanisa yao. Kundi la Karing'a lilipata mapadri baada ya Askofu Mkuu Daniel William Alexander kuja kutoka Afrika Kusini mwaka 1935, na mmoja wa waliopewa upadri, Arthur Gatung'u Gathuna wa Waithaka, akaliongoza kundi hilo mpaka likapokewa na Patriarki wa Aleksandria mwaka 1946. Wakati wa Hali ya Hatari serikali ya kikoloni iliwafungia makanisa. Kanisa la Moscow lenyewe limekuja kubisha hodi Afrika juzijuzi tu, Desemba 2021, lilipounda jimbo lake na kuwapokea makasisi 102 kutoka nchi 8 waliokuwa chini ya Aleksandria. Ugomvi huo nawaachia wenye kanisa lao. Mimi nilivutwa na lugha. Ni nani aliyeamua kwamba sala iliyotungwa kwa Kigiriki inaweza kusaliwa kwa lugha ya mkulima?

Jibu liko mwaka 863. Ndugu wawili wa Thesalonike, Konstantino na Methodio, walitumwa na Kaisari wa Bizanti kwenda Moravia, kwa Waslavi waliokuwa wameomba walimu. Konstantino, ambaye tunamjua zaidi kwa jina la utawa, Kirilo, alibuni herufi za kuandikia Kislavi, na wakaanza kutafsiri Injili. Walipofika Venice, makasisi wa Kilatini waliwavamia kwa hoja: Mungu husifiwa kwa lugha 3 tu, Kiebrania, Kigiriki na Kilatini. Konstantino aliwauliza kama mvua na jua huchagua wa kumfikia. Methodio alipofariki mwaka 885, wanafunzi wao walifukuzwa Moravia, wakakimbilia Bulgaria. Huko ndiko zilikoundwa herufi nyingine, nyepesi zaidi, zenye sura ya Kigiriki. Hizo ndizo Warusi wanazoandikia mpaka leo, na zimepewa jina la Kirilo ingawa si yeye aliyezichora.

Sisi wa upande huu wa mji tuna Kirilo wetu. Kwenye misheni ya Kabete, jirani kabisa na Loresho, padri wa Kianglikana Harry Leakey alianza kazi mwaka 1902 na akaongoza tafsiri ya Biblia kwa Kigikuyu. Agano Jipya lilitoka mwaka 1926. Wagikuyu waliokaa naye mezani wakipima kila neno hawatajwi sana. Hata wale Waslavi waliomfundisha Konstantino kusema kama wao hatuwajui.

Warusi wenyewe walikuwa bado hawajabatizwa. Dola yao ya kale, Rus, ilikuwa na makao yake Kiev, ambayo leo ni mji mkuu wa Ukraine, na Waukraine wana haki yao kamili katika urithi huu, wa tangu kabla Moscow haijajulikana hata kwa jina. Tarihi ya zamani inasimulia kwamba mtawala wao Vladimir alizipima dini kama mtu anavyopima kanga dukani. Uislamu aliukataa kwa sababu ulikataza ulevi, na watu wake hawakuweza kuishi bila kunywa. (Hapo msomaji wa Nairobi acheke polepole.) Wajumbe aliowatuma Konstantinopoli walirudi wakisema kwamba ndani ya kanisa la Hagia Sofia hawakujua kama wako duniani au mbinguni. Mwaka 988 Vladimir alibatizwa, sanamu ya mungu wa radi, Perun, ikaburutwa na kutupwa mtoni Dnieper, na watu wa Kiev wakaingizwa katika maji yale yale.

Pamoja na dini vikaja vitabu, na vilikuja vimeshatafsiriwa. Lugha yake ilikuwa Kislavi cha kanisani, kilichotoka kusini. Mrusi alikielewa, lakini hakikuwa cha jikoni kwake. Kilimfikia kama Kiamu cha tendi za kale kinavyomfikia mtu wa Nairobi, maneno anayajua ila yamevaa kanzu. Lugha hizi mbili, ya madhabahuni na ya sokoni, ziliishi nyumba moja kwa miaka 700, na karibu historia yote ya fasihi ya Kirusi ni habari ya namna zilivyogombana na kuoana.

Mwana wa Vladimir, Yaroslav, alikusanya watafsiri na wanakili Kiev. Mwaka 1057 shemasi aitwaye Grigori alimaliza kunakili kitabu cha Injili kwa ajili ya Ostromir, kiongozi wa Novgorod; ndicho kitabu cha kale zaidi cha Waslavi wa Mashariki chenye tarehe. Mwanzoni mwa karne ya 12 watawa wa Monasteri ya Mapango walikusanya Tarihi ya Miaka Iliyopita, ambayo kwa desturi huhesabiwa kuwa kazi ya mtawa Nestor. Aliyesoma habari za wafalme wa Pate au tarihi ya Kilwa atajikuta nyumbani: nasaba, uhamiaji, mji ulivyojengwa, nani alimwua ndugu yake.

Hiyo ni lugha ya kanzu. Ile ya jikoni tuliikosa kabisa mpaka tarehe 26 Julai 1951, wachimbaji wa mambo ya kale walipofukua kule Novgorod kipande cha gome la mti mweupe ambao Warusi huuita bereza, kimechorwa maandishi kwa ncha ya chuma. Tangu hapo yamepatikana zaidi ya 1,000. Ni madeni, maagizo ya samaki, kesi, mke anayemtuma mume kununua kitu. Yaliyonikaa moyoni ni ya mtoto wa karne ya 13 aitwaye Onfim, wa miaka kama 6 au 7. Alipewa kazi ya kuandika silabi, ba, va, ga, kama mtoto wa chuoni Lamu na ubao wake wa alifu na be. Alichoka mapema. Akajichora juu ya farasi, mkuki mkononi, adui kalala chini, na pembeni akaandika jina lake mwenyewe asije mtu akakosea shujaa ni nani.

Maganda hayo yalikuja kuokoa kitabu. Mwishoni mwa karne ya 18 tajiri mmoja, Musin-Pushkin, alipata mswada wa utenzi kuhusu Igor, mtawala mdogo aliyekwenda kupigana na Wapolovtsi wa nyikani mwaka 1185, akashindwa na kutekwa. Ulichapishwa mwaka 1800. Mwaka 1812 Napoleon aliingia Moscow, mji ukaungua, na mswada ukaungua nao. Basi wakazuka wenye shaka: haukuwahi kuwapo, umeghushiwa. Mabishano hayo yalidumu karibu miaka 200, mpaka mwanaisimu Andrei Zaliznyak alipoonyesha kwamba sarufi ya utenzi inakubaliana na ya maganda ya Novgorod hata katika vijambo ambavyo mghushi wa karne ya 18 asingeweza kuvijua. Watu wa kina Onfim walisimama mahakamani kama mashahidi.

Baada ya siku za Igor walikuja Wamongolia. Kiev iliangushwa mwaka 1240, na kwa zaidi ya karne 2 watawala wa Kirusi walilipa kodi kwa makhani wa mto Volga. Ibn Battuta, aliyeisifu Kilwa mwaka 1331, miaka michache baadaye alikaa katika baraza la Khan Uzbek, mtawala yule yule ambaye wakuu wa Kirusi walimpigia magoti. Katika utumwa huo Moscow ilikua kimya kimya kwa kuwakusanyia Wamongolia kodi, jambo ambalo vitabu vya shule vya Kirusi hulisema kwa sauti ya chini. Na katika utumwa huo huo Andrei Rublev alichora malaika 3 waliokaa mezani pa Ibrahimu, kwa rangi tulivu kiasi kwamba ukiitazama picha hiyo unajikuta umeshusha sauti.

Hapa kuna mtu ninayempenda kuliko wote. Karibu na mwaka 1470 mfanyabiashara wa mji wa Tver, Afanasi Nikitin, aliyekwisha kuibiwa mali yake yote kwenye Volga, aliona aibu kurudi kwa wadai akasonga mbele: Uajemi, Hormuz, na kutoka hapo kwa jahazi mpaka India, akiwa na farasi mmoja wa kuuza. Alikaa huko miaka kadhaa, akaandika alichokiona bila makuu. Watu, vyakula, bei, mvua isiyokoma. Alipokata shauri kurudi alipanda chombo bandari ya Dabhol. Bahari haina urafiki. Baada ya mwezi mzima wakaona milima, na haikuwa Uarabuni bali nchi aliyoiita Ethiopia, yaani pwani ya Afrika Mashariki upande wa pembe. Walikaa siku 5. Waliwapa wenyeji mchele, pilipili na mikate, na wenyeji wakakiacha chombo salama. Kisha wakafika Maskati, wakaendelea Hormuz.

Hivyo Mrusi wa kwanza ninayemjua kuiandika pwani yetu aliletwa na upepo na akalipa ushuru wa mchele. Manahodha wetu wasingemshangaa. Walikuwa na wageni wa namna hiyo kila msimu. Cha kushangaza ni daftari lake. Kadiri miaka ilivyopita mbali na kanisa, alipoteza hesabu ya Pasaka, akafunga pamoja na Waislamu, na sala zake zikaanza kuchanganya Kirusi, Kituruki, Kiajemi na Kiarabu, mpaka kitabu kinaishia kwa majina ya Mwenyezi Mungu kwa Kiarabu kilichoandikwa kwa herufi za Kirilo. Kinyume chake hasa ndicho Waswahili walichofanya walipoandika lugha yao ya Kibantu kwa herufi za Kiarabu. Nikitin alifia njiani karibu na Smolensk, kabla ya kufika kwao.

Uchapaji ulipowafikia haukupokewa kwa ngoma. Ivan Fyodorov alichapa Matendo ya Mitume Moscow mwaka 1564, na si muda mrefu baadaye alikuwa amehamia Lithuania kwa kuandamwa.

Karne iliyofuata, Patriarki Nikon aliamuru vitabu vya ibada visahihishwe vifanane na vya Kigiriki, na ishara ya msalaba ifanywe kwa vidole 3, si 2. Wengi walikataa. Msemaji wao mkali alikuwa kasisi Avvakum. Alipelekwa Siberia na mkewe na watoto, miaka ya njaa na theluji, halafu akafungiwa katika shimo la udongo huko Pustozersk, karibu na bahari ya barafu, ambako aliandika maisha yake kati ya 1672 na 1675. Mtu huyu aliyekufa kwa ajili ya vitabu vya zamani ndiye aliyeandika kwa lugha mpya kuliko wote, maana aliandika kama alivyosema, pamoja na matusi. Anasimulia siku mkewe, Nastasia Markovna, alipoanguka kwenye barafu wakitembea, akamwuliza mateso haya yatadumu mpaka lini. Mpaka kufa, akamjibu. Mama akashusha pumzi, akasema basi twende. Na anamlilia kuku wao mweusi aliyewatagia watoto mayai 2 kila siku kabla hajafa safarini. Jirani yangu husema hakuna mwandishi aliyewahi kumheshimu kuku kiasi hicho. Avvakum alichomwa moto mwaka 1682.

Halafu Petro. Tsar huyu alikata ndevu za watu, akajenga mji mpya kwenye kinamasi mwaka 1703, mwaka huo huo akaanzisha gazeti, na kuanzia 1708 akaondoa herufi za kanisani katika vitabu vya kidunia, akaweka nyingine zenye sura rahisi. Karibu na mwaka 1704 aliletewa mtoto mweusi kutoka Istanbul, aliyenunuliwa huko kwa mkono wa mfanyabiashara Savva Raguzinsky. Wengine husema alizaliwa Eritrea. Mtafiti wa Benin, Dieudonné Gnammankou, alimtafutia kwao Logone, Cameroon ya leo. Mwenyewe aliandika tu kwamba alitoka Afrika, mji wa Lagon. Petro alimsimamia ubatizo Vilnius mwaka 1705, akampeleka Ufaransa kusomea uhandisi wa ngome na mizinga. Alirudi mwaka 1723 na shehena ya vitabu, akawa Abram Petrovich, na baadaye akajiongezea jina la jemadari wa Karthago, Hannibal. Petro alipokufa, Abram alipelekwa mbali Siberia, mwaka 1727.

Tukae kidogo hapo. Mwaka 1728, Mwafrika huyu akipima ardhi ya ngome mpakani mwa China, mshairi Mwengo bin Athumani alikuwa Pate akimwandikia sultani wake Utendi wa Tambuka, ambao pia huitwa Chuo cha Herekali. Herekali ni Heraclius, Kaisari wa Bizanti. Rumi ile ile iliyowapa Warusi herufi, picha na sala ndiyo Pate iliyoifanya adui wa utenzi wake mkubwa. Mrusi aliitazama Konstantinopoli kutoka kaskazini akaona mbingu. Mpate aliitazama kutoka kusini akaona jeshi la kushindwa. Wote wawili walianza fasihi zao kwa kuitazama.

Abram alirudishwa mwaka 1730 na akafika cheo cha jenerali mkuu chini ya Elizaveta, binti Petro, ambaye alimpa mashamba katika jimbo la Pskov. Alikufa mwaka 1781. Mwaka ule ule wa 1730, kijana wa mvuvi wa kaskazini, Mikhail Lomonosov, aliondoka kwao na msafara wa samaki akaenda Moscow, akaficha asili yake ili apokewe shuleni. Huyo ndiye aliyeandika sarufi ya Kirusi na kupanga wapi maneno ya madhabahuni yakae na wapi ya sokoni.

Mpangilio huo ulivunjwa na kitukuu wa Abram. Nyumbani kwa kina Pushkin watu wazima walizungumza Kifaransa. Kirusi alikipata kwa yaya wake, Arina Rodionovna, mwanamke aliyezaliwa mtumwa wa shamba. Tsar alipomfungia kwenye shamba la Mikhailovskoye kati ya 1824 na 1826, jioni zake zilikuwa hadithi za mama huyo, naye akiziandika. Katika mashairi yake neno la kanisani linakaa kiti kimoja na la mpishi na hakuna anayesogea. Alianza pia riwaya juu ya babu huyo wa mama yake, Arap wa Petro Mkuu, asiimalize. Arap ni neno la kale la Kirusi kwa mtu mweusi, Wakalenjin wasije wakadai ukoo.

Siku zile zile Mombasa ilikuwa na Muyaka bin Haji, aliyeutoa ushairi msikitini na kuuleta sokoni, akitania, akitongoza, akiwachokoza Waomani. Profesa Mohamed Hassan Abdulaziz, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, alimwandikia kitabu kizima. Muyaka alikufa karibu na mwaka 1840. Pushkin alitangulia: alipigwa risasi katika pambano la bastola na Mfaransa Georges d'Anthès, akafa mwanzoni mwa mwaka 1837, akiwa na miaka 37.

Serikali iliogopa umati. Mwili ulitolewa usiku katika mji ule wa Petro, ukabebwa juu ya gari la theluji pamoja na askari mmoja na rafiki mmoja, mpaka monasteri ya Svyatogorsk, karibu na ardhi aliyopewa Abram. Alizikwa pale kando ya mama yake, Nadezhda Osipovna, aliyezaliwa Hannibal.